Kokoto za Shimo la Tisa

Swali langu lilikuwa moja tu, na nilimwambia Brigid aliulize polepole, asilipunguze.

"Mwambie hivi: mkishawatoa hawa watu, mkawaosha, mkawaandika namba, mtawarudisha udongoni?"

Tulikuwa tumesimama kando ya ule uwanja wa Shard End, nyuma ya magorofa, mahali watoto walipokuwa wakicheza mpira na sasa pamezungushiwa ua wa waya. Kampuni moja ilitaka kujenga nyumba hapo, zaidi ya mia. Lakini huku, kabla ya kuchimba msingi, huitwa kwanza watu wa mambo ya kale waangalie chini kuna nini, na hao walikuwa wamekuta mashimo kumi na moja ya maziko. Mashimo yenyewe si makubwa. Sufuria ya pilau ingeziba moja. Ndani ya kila shimo kulikuwa na makaa, chungu kilichopasuka, na mifupa ya mtu iliyochomwa moto hadi ikawa myeupe kama chaki. Watu wa miaka elfu tatu na mia tano iliyopita, walisema. Musa labda hajazaliwa.

Wana namna yao ya kuchimba. Hulikata shimo katikati, wakatoa nusu ya udongo, nusu nyingine wakaiacha imesimama kama keki iliyokatwa, ili wasome tabaka zake. Nilipomwona mtu nusu yuko kwenye ndoo na nusu yuko ardhini, ndipo swali likanitoka.

Brigid aligeuka akamuuliza Shilpa. Shilpa ndiye aliyekuwa mkubwa wa pale, mwanamke wa Kihindi mzaliwa wa hapahapa Birmingham, mfupi, buti zina matope hadi magotini. Alinitazama usoni, akaweka mkono kifuani, akajibu maneno machache. Brigid akanigeukia na kunipa mengi: kwamba ndiyo, Nyanya, wakishamaliza kuwapima watawarudisha, kuna pembe ya uwanja itaachwa bila nyumba, itakuwa na nyasi na miti miwili, watazikwa pale wote kumi na mmoja, na siku hiyo nitaitwa mimi niombe.

Niliona maneno yameongezeka njiani. Lakini nilijiambia Kiingereza ni lugha ya watu wenye haraka, hufunga mzigo mkubwa kwa kamba fupi. Na aliyekuwa akinifungulia mzigo ni Brigid.

Huyo mtoto nimemlea mimi. Gertrude, binti yangu, alipopata kazi ya unesi huku, Brigid alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Akaniachia mtoto huko kwetu Wundanyi. Nikakaa naye hadi akatimiza miaka tisa na karatasi zake zikatoka. Jino lake la kwanza kung'oka nililirusha mimi juu ya paa. Kiswahili chake ni changu, hata ile "haya basi" yake ameichukua kinywani mwangu. Kisha miaka mitano iliyopita mzee wangu alifariki, wakanileta na mimi huku, kwao Hodge Hill, na mambo yakageuka: mimi nikawa mtoto, yeye akawa mzazi. Kwa daktari, Brigid. Kwenye basi, Brigid. Barua ikianguka mlangoni, Brigid. Kiingereza changu ni cha kuomba maji na kusema asante. Alivyoniambia, kwangu ndivyo ilivyokuwa.

Na alijua kwa nini nauliza. Kwetu Taita, zamani, kabla wazee hawajabatizwa, mkubwa wa ukoo alizikwa, kisha baada ya muda fuvu lake hutolewa likawekwa pangoni pamoja na ya wenzake, wakitazama nje. Nilipokuwa msichana mdogo nilimfuata babu kwa siri hadi pangoni kwetu. Nilihesabu kumi na wanane, na katikati ya safu palikuwa na nafasi tupu. Babu akanikuta, hakunichapa. Nikamuuliza huyu wa katikati kaenda wapi. Akasema alikuja mgeni mwenye sanduku na daftari, na aliyemkalimania ni kijana wa ukoo wetu wenyewe, Mwandawiro, msomi wa misheni. Mwandawiro akawaambia wazee kwamba mgeni anaomba kumpima mzee wao tu, kesho atamrudisha. Kesho hiyo haijafika. Mgeni mwenyewe hakuwa ameahidi kitu; ahadi ilitoka mdomoni mwa Mwandawiro. Hadithi hiyo Brigid alinidai kila tulipokaa kuchambua maharagwe, na kila mara alikunja uso pale pale, kwenye Mwandawiro.

Basi nilipopata ahadi, nilifanya kama tunavyofanya. Sisi tunaita kutasa. Unapiga funda la maji, unasema yaliyo moyoni, unayapuliza nje kama manyunyu, na kinyongo kinatoka nayo. Mchungaji wetu husema hayo ni ya kale yaacheni. Mimi humwambia ni maombi, ila yana maji. Sharti lake ni kwamba moyo uwe mweupe. Hasira ya mkubwa, hata akiificha, humpata mdogo, na mwenye kinyongo akipuliza maji anaharibu zaidi. Moyo wangu siku ile ulikuwa mweupe pe. Nikafungua chupa yangu, nikapuliza kuelekea mashimo yale, nikawaambia kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, maana mtu aliyelala chini muda wote huo hachagui lugha: "Tulieni. Mtasumbuliwa kidogo, kisha mtarudi. Nimepewa neno, na mimi nawapa langu."

Sukhdev, dereva wa tingatinga, akaja mbio na kitambaa cha karatasi. Alidhani nimepaliwa.

Brigid alikuwa ameajiriwa kwa miezi mitatu, kazi yake ni kuwaleta watu wa mtaa washiriki. Wiki mbili alikuwa amebandika matangazo madukani na hakuna aliyekuja ila mzee mmoja na mbwa wake, na aliyevutiwa ni mbwa, kwa sababu ya mifupa. Nikamwambia usijali, mama zako wapo. Nikasimama kanisani baada ya matangazo, nikaeleza, nikasema hawa watu watazikwa tena kwa heshima, na sisi tutakuwa tumewaosha. Kuosha maiti ni kazi ya wanawake wakubwa kila mahali. Wakaja sita, wa kwanza Mama Sabine wa Bukavu, ambaye hakatai kazi wala hadithi.

Tulifanyia kazi chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa. Udongo wa kila shimo huoshwa kwa maji juu ya wavu. Makaa huelea, vizito hubaki, vikakaushwa. Kinachobaki ni kokoto, na ndani ya kokoto vipande vya mifupa, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Unamwagiwa kidogo kwenye sinia, unapewa kibanio kama cha kung'olea nyusi na kioo cha kukuza, unatenga mfupa huku, kokoto kule. Mfupa huingia mfukoni wenye namba. Kokoto hutupwa.

"Mama Gertrude," Sabine alisema siku ya kwanza, "huku mchele unakuya safi ndani ya sachet. Njo maana bazungu banatafuta mawe ya kuchambua."

Tulicheka hadi Shilpa akaja kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Mimi kibanio nilikiweka kando. Nimechambua maharagwe miaka sitini. Vidole vyangu vinajua kitu kilichokuwa hai. Jiwe ni baridi na halina haja na wewe. Mfupa uliochomwa ni mwepesi, una vinyweleo, unashika kidole kama ulimi wa paka. Mwanzoni Shilpa alikuwa akipitia upya kokoto zangu kwa kioo chake kabla hazijatupwa. Wiki ya kwanza hakupata kitu. Ya pili hakupata kitu. Ya tatu akaacha kuangalia. Alisema neno, na Brigid akanitafsiria: "Anasema mikono yako ina macho, Nyanya." Hilo nadhani lilikuwa kweli. Sasa siwezi kuapa.

Shimo la tisa lilikuwa la watu wawili. Shilpa alituonyesha: vipande vinene vya mtu mzima, na vingine vyembamba kama ganda la yai, fuvu la mtoto. Walichomwa pamoja na kuwekwa chungu kimoja. Brigid akaeleza kwamba kinachotafutwa sana ni jino la mtoto, kwa kuwa jino ambalo bado halijaota huvumilia moto, na likipatikana litasema alikuwa na umri gani.

"Na huyu mkubwa ni mama yake?" nikauliza.

"Hawajui, Nyanya. Huenda ni mwanamke. Huenda hata ni mtu wa makamo."

"Basi ni nyanya yake."

Brigid alicheka, akaniegemea bega. "Haya basi. Ni nyanya yake."

Nikaomba sinia zote za shimo la tisa ziwe zangu.

Mwezi wa tisa, Jumamosi moja, wakafanya siku ya wazi. Walisimamisha hema, wakaweka biskuti, wakabandika picha kubwa za mashimo na za nyumba zitakazojengwa. Kulikuwa na picha yangu pia, kubwa kuliko mimi, nimeinamia sinia. Brigid alikuwa langoni na fulana ya kijani akigawa karatasi, kwa hiyo Shilpa aliposimama kuhutubia, aliyekuwa kando yangu ni Sabine, ambaye huenda Acocks Green mara mbili kwa wiki kusoma Kiingereza na hakosi hata theluji ikianguka.

"Anasema nini?" nikamnong'oneza.

"Anasema aksanti kwetu siye bamama. Anasema tumefanya kazi ya kushangaza." Akasikiliza. "Sasa anasema hii mifupa yote itaenda ku depo ya musée, ile nyumba ya makumbusho, ndani ya masanduku. Batu ba université batakuwa banaenda kuiangalia."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu inarudishwa hapa."

Sabine akasikiliza tena, kichwa kimeinama. "Apana, Mama. Itabakia kule. Siku zote."

"Umesikia vibaya. Kuna pembe. Ile pale, ya miti miwili."

Sabine alinishika kiwiko akanipeleka kwenye ile picha ya nyumba. Akaweka kidole juu ya pembe ile. Mistari myeupe imepangwa kama meno ya kitana, na juu yake magari madogo madogo.

"Hapa bameandika parking," alisema taratibu.

Nilimwomba tumngojee Shilpa amalize. Mimi ni mtu wa kungoja. Akamaliza, akapigiwa makofi, akaja mwenyewe kwetu ananyoosha mikono kunikumbatia. Nikamwambia Sabine amuulize swali langu la siku ya kwanza, lile lile.

Niliona uso wa Shilpa ukibadilika. Aliongea muda mrefu, akinitazama mimi, si Sabine. Mkono ukaenda kifuani kama siku ile.

"Anasema," Sabine akaanza, akasita. "Anasema hajasikia hii swali hata siku moja. Anasema siku ile Brigid alimuuliza kama mifupa itachungwa muzuri. Naye akajibu: ndiyo, nakuahidi, itachungwa muzuri. Njo ile tu, Mama. Hakusema kitu cha kuzika."

"Muulize kama bado inaweza kubadilishwa."

Wakazungumza. Shilpa macho yalikuwa yamelowa. Kumbe karatasi za serikali zilishatiwa sahihi kabla hata mimi sijafika pale. Na ili mtu arudishwe, awe na wenyewe wanaomdai.

"Anasema hawana mwenyewe," Sabine akanieleza.

"Mwambie wanaye."

Hilo hakulitafsiri. Alinishika mkono tu, tukasimama hivyo, na picha yangu nyuma yetu inachambua.

Sikumwambia Brigid kitu njiani. Nililala nalo. Kesho yake, Jumapili baada ya kanisa, Gertrude alikuwa anasonga ugali na mimi nakata sukuma, Brigid akaingia jikoni anapeperusha simu.

"Nyanya! Mum! Wamenipa kazi ya kudumu! Wamesema hawajawahi kuona mradi wenye wakazi wengi hivi!"

Gertrude akapiga kigelegele na mwiko mkononi.

"Hongera," nikasema. "Pembe ya miti miwili iko wapi, Brigid?"

Simu ikashuka. "Nani amekuambia?"

"Hujauliza pembe gani. Umeuliza nani ameniambia."

Gertrude akatutazama mmoja mmoja. "Kuna nini?"

Nikamweleza kwa maneno machache. Brigid alikuwa amesimama kwenye mlango wa friji, anacheza na sumaku.

"Ningekueleza, Nyanya. Nilikuwa nangoja mradi uishe."

"Ungenieleza kwa Kiswahili kipi? Kile ulichotumia siku ile, au kingine?"

"Mama, tuliza roho," Gertrude akaingilia. "Kweli amekosea. Lakini ni mifupa ya Wazungu wa kale, wenyewe hata hawawajui. Huku mtu akichomwa, mwanawe anapewa majivu kwenye kopo, anaweka juu ya televisheni."

"Mwanawe, Gertrude. Umesema mwenyewe. Siyo bohari."

Brigid akaniangalia sasa. "Ningesema ukweli, ungekubali kufanya kazi ile?"

"Nisingekubali."

"Na wale mama sita wangekuja?"

"Wasingekuja."

"Unaona? Ningefanya nini? Kazi ya miezi mitatu tu, Nyanya, na hakuna mtu hata mmoja! Sikuwa na mwingine. Nilikuwa na wewe tu."

"Ulikuwa na mimi tu," nikasema. "Ndiyo. Nimesikia."

"Sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha. Ulijua nitakataa, ndiyo maana hukuniomba. Kitu ambacho mtu angekataa kukupa, ukakichukua, huko kwenu mnakiitaje? Sijui Kiingereza."

Alianza kulia. Ugali ulikuwa unashika chini na hakuna aliyeugeuza.

"Niliwapa neno langu, Brigid. Nilisimama pale nikapuliza maji, na wewe umesimama kando yangu umenishikia chupa. Ulinisikia ninachosema. Kidawida unakijua."

Akafuta macho kwa kiganja.

"Nilipokuwa nakuhadithia habari za Mwandawiro, ulikuwa ukiniuliza: Nyanya, kwa nini aliwadanganya watu wake? Kila mara nilikujibu sijui. Haya. Leo nakuuliza wewe."

Brigid akatoka. Tulisikia mlango wa juu ukifungwa, taratibu, si kwa kishindo. Ningependa angebamiza.

Jumanne nilirudi ukumbini peke yangu. Mama wengine walikataa, na sikuwalaumu. Aliyewaahidi wale wa mashimoni kwa mdomo wake ni mimi. Gertrude alifurahi kuniona navaa koti, akadhani yamekwisha. Nilimwambia kuna sinia moja imebaki.

Ilikuwa ya shimo la tisa. Shilpa aliniletea chai, akasema sorry, Mama, neno hilo nalijua. Akanimwagia kokoto za mwisho, akaenda kufunga masanduku. Masanduku yalikuwa yamepangwa ukutani, ya kijivu, kila moja na karatasi yake. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walikaa vizuri tu, kama wanafunzi.

Nikaanza kuchambua. Vipande vikubwa nikavitenga, mfupa huku, kokoto kule, kama kawaida. Kisha vidole vikagusa kitu kidogo kama punje ya mtama, laini upande mmoja, kina vilima vitatu vidogo upande mwingine. Sikuhitaji kioo. Lilikuwa jino, la mtoto, ambalo halijawahi kuota wala kutafuna kitu.

Nililikalisha kwenye kiganja. Nilifikiria Shilpa alivyolitafuta wiki zote hizo. Yeye hakunikosea, swali langu halikumfikia, alijibu aliloulizwa. Jino hili lingemfurahisha kuliko chungu kizima. Angejua kama mtoto alikuwa na miaka miwili au minne, angeandika, na watu wangesoma.

Nikalirudisha kwenye kokoto. Na vile vipande vidogo vidogo, vya mkubwa na vya mdogo, ambavyo nisingeviacha hata nikiwa nasinzia, nikaviacha. Kwa mara ya kwanza maishani nilichambua vibaya kwa makusudi.

"Finish?" Shilpa akauliza.

"Finish."

Hakuangalia. Alitia sahihi karatasi, akafunga mfuko wa mifupa, akaubandika namba. Mimi nikasubiri aone. Kama angechukua kioo chake, ningefanya nini, sijui. Hakuchukua. Hapo ndipo nilipojua Brigid alivyojisikia siku ile kati yetu sisi wawili, mmoja anauliza na mwingine anajibu, na yeye katikati. Mtu akikuamini, kumbe kumdanganya si kazi. Ni kama mteremko.

Nikamwonyesha kokoto, nikaonyesha mkoba wangu, nikafanya ishara ya kupanda maua kwenye chungu. Akacheka, akasema chukua, chukua. Alinisaidia mwenyewe kuzimimina kwenye kopo la aiskrimu nililokuja nalo.

Masanduku yaliondoka wiki iliyofuata. Sikwenda kuangalia. Sabine alikwenda, akaniambia gari lilikuwa dogo na jeupe na dereva alisikiliza redio.

Kopo limekaa dirishani chumbani kwangu. Mara moja Gertrude alilifungua akidhani ni mboga za managu nilizotoa kwenye friji ziyeyuke, akauliza mbona naweka mawe. Nikamwambia liache hapo ulipolikuta.

Nimeshachagua mahali. Chini kidogo ya uwanja ule, nje ya ua, kuna ukingo wa mto Cole ambapo hakuna atakayejenga kwa sababu maji hupanda. Udongo ni ule ule. Hawatarudi wote, kumi na mmoja niliwaahidi, na mkononi nina punje za wawili. Lakini hawa wawili wako pamoja. Kuchimba shimo la kopo moja ni kazi ya kijiko.

Ninachokosa ni moyo. Siwezi kuwarudisha kimyakimya kama mtu anayetupa taka. Lazima niseme nao, na kusema nao ni kwa maji, na maji yanataka moyo mweupe. Nimeshuka mtoni mara mbili na kopo kwenye mkoba. Mara zote mbili nilipiga funda, nikaungoja moyo, na kila nikiungoja naona Brigid amenishikia chupa, uso mkavu, anasikiliza. Nikameza. Nikarudi na basi.

Tangu mwezi wa kumi Brigid anakohoa. Gertrude amempa dawa za kila rangi, anasema ni baridi, ni ukungu wa ile ofisi mpya. Brigid hasemi ni nini. Amekonda. Alipokuwa na miaka saba alivunja mtungi wangu akasingizia mbuzi, nikakasirika nikanyamaza, akashikwa na homa siku tatu. Nilipopuliza maji juu ya kichwa chake aliamka akaomba uji. Anakumbuka. Mimi pia.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, alinijia chumbani. Alikuwa na glasi ya maji mikononi, ameishika chini na juu kama nilivyomfundisha kumpa mtu mkubwa kitu. Akapiga magoti kwenye zulia. Alianza kusema Kiingereza, akaacha, akasema kwa Kidawida, lugha ambayo sijamsikia nayo tangu aote meno makubwa.

"Niliwadanganya watu wangu. Nyanya, niondolee."

Nikapokea glasi. Nilimtazama utosi, pale nywele zinapogawanyika, ambapo zamani nilikuwa napaka mafuta. Akakohoa. Nikapiga funda.

Nilikaa nayo mdomoni muda mrefu. Maji ya bomba ya huku hayana ladha ya kitu. Kopo lilikuwa dirishani nyuma yake. Nilitafuta ndani yangu, chumba kwa chumba, kama mtu anayetafuta funguo, na nilitaka sana kuupata ule moyo mweupe. Alikuwa amefumba macho, uso ameuinua kidogo, anangoja manyunyu.

Nikameza.

Akafumbua macho.

"Bado," nikasema. "Sitakupulizia uongo."

Hakulia safari hii. Aliichukua glasi mkononi mwangu, akainuka kwa kushika goti kama mwanamke mzima, akatoka. Nikadhani amekata tamaa na mimi. Kisha nikasikia bomba la jikoni likifunguliwa, maji yakiachiwa yatiririke kidogo kwanza, kama nilivyomfundisha, ndipo glasi ikijazwa tena.